Nyumba Haina Mbwa Wala Paka: Viroboto Watoka Wapi?



Mwezi uliopita mama mmoja alikuja ofisini kwetu kuandikisha shamba lake apate mbolea ya ruzuku. Tulipokwisha kujaza karatasi hakuondoka. Alingoja mpaka watu wawili waliokuwa nyuma yake wakaanza mazungumzo yao, ndipo akainama juu ya meza yangu akaniuliza kwa sauti ya chini: "Karani, wewe umesoma. Hebu niambie, viroboto hutoka wapi katika nyumba isiyo na mbwa wala paka?"

Mmoja wa wale wawili alisikia, akacheka. Yule mama akakusanya karatasi zake akaenda zake kabla sijamjibu.

Basi namjibu hapa. Mimi si daktari wala Bwana Afya. Nilisomea ualimu, nafasi ya kufundisha haikupatikana, nikashika kalamu ya ofisi ya kilimo. Lakini habari hii naijua vizuri, kwa sababu imenipata nyumbani kwangu, na makosa niliyoyafanya sitaki mwenzangu katika skimu ayafanye tena. Na yule bwana aliyecheka, kama asoma gazeti hili, namwomba aangalie vizuri nyuma ya magunia yake mwenyewe.

Sisi tunakaa upande wa Molo, kwenye shamba alilopewa babu yangu katika ugawaji wa miaka ya 1960. Mwaka juzi tulivuna mahindi mwezi wa Desemba. Wakati huo wezi walikuwa wamevunja stoo mbili za majirani, nami nikafanya kama wengi wenu mnavyofanya: nikaingiza magunia 14 ndani ya nyumba, nikayapanga katika chumba wanacholala watoto. Mlango wa nyumba una kufuli nzuri. Nililala usingizi mzuri wiki ya kwanza.

Wiki ya pili panya walianza kukimbia usiku. Nilinunua sumu ya panya nikaitia nyuma ya magunia. Kabla mwezi wa Januari haujaisha kelele zilikwisha, nikajisifu mbele ya mke wangu kwamba kazi imekwisha kwa shilingi chache tu.

Baada ya siku chache watoto walianza kujikuna. Vipele vidogo vyekundu vilitokea miguuni, hasa kwenye vifundo na chini ya magoti. Mdogo, mwenye miaka 4, alikuwa akiamka usiku akilia. Mkubwa alianza kusinzia darasani, na mwalimu wake akatuma neno kwamba mtoto huyu hapati usingizi nyumbani. Hayo yalinichoma, maana mimi ni mwalimu kwa mafunzo, nami najua mwalimu huwaza nini juu ya wazazi wa mtoto anayesinzia.

Hatukuwa na mbwa. Lakini jirani yetu, mzee mmoja tuliyepakana naye, alikuwa na mbwa mwekundu aliyependa kulala mchana katika kivuli cha ukuta wetu. Nikaona mshtakiwa amepatikana. Sikwenda kuzungumza na mzee kama inavyofaa. Niliketi nikamwandikia mzee wa kijiji barua ya kiofisi, yenye tarehe na kichwa kilichopigiwa mstari: YAHUSU MBWA. Mzee wetu akaitwa barazani, akasomewa barua yangu mbele ya watu. Hakubishana. Kesho yake mbwa alipelekwa kwa ndugu zake mbali, na usiku ule nikatambua kwamba mbwa yule ndiye aliyekuwa akibweka kwa ajili ya mashamba yetu yote mawili.

Viroboto hawakupungua hata mmoja.

Hapo nikakasirika. Tulikuwa na dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyosalia chupani. Nikaichanganya na maji kwenye ndoo, kali kuliko kipimo kilichoandikwa, nikaenda kuimwaga chumbani. Mama yangu alinikuta mlangoni akanipokonya ndoo. Aliniambia, "Ukitaka kuosha ng'ombe, ng'ombe wako nje." Kisha akaingia mwenyewe, akaanza kuyavuta magunia mbali na ukuta. Nyuma ya safu ya tatu tuliona kiota cha panya, cha nyuzi za magunia, maganda ya mahindi na kipande cha blanketi la watoto. Ndani yake kulikuwa na panya wawili waliokauka. Mama alitazama miguu yake, nami nikatazama. Viroboto walikuwa wakimrukia kutoka katika vumbi lile.

Sasa mwafahamu jambo lenyewe. Nyumba yangu haikuwa na mbwa wala paka, lakini ilikuwa na mifugo ambayo sikuihesabu. Kiroboto hunywa damu ya mnyama na hupenda joto la mwili wake. Mnyama akifa na kupoa, kiroboto humtoka aende kutafuta mwili mwingine wenye joto. Mimi niliwaua panya kwanza, nikawaacha viroboto wao bila chakula hatua chache kutoka katika kitanda cha watoto wangu. Walikwenda palipokuwa karibu.

Jambo hili si dogo, na halikuanza leo. Mwaka 1898 daktari Mfaransa, Paul-Louis Simond, alionyesha huko Karachi kwamba ugonjwa wa tauni huletwa kwa watu na viroboto wanaotoka kwa panya. Mji wetu wa Nairobi nao ulipatwa na tauni mwaka 1902, na soko la Wahindi likachomwa moto. Sisemi kwamba kuna tauni katika skimu yetu, msiende kuwatisha watu. Nasema tu kwamba anayewaua panya na kuwasahau viroboto hujiletea taabu. Yafaa viroboto wauawe kwanza, ndipo panya.

Mtauliza, mbona tukisha kuwaua hurudi? Swali hili huwafanya watu wengi kusema dawa ni ya uongo. Wale mnaowaona wakiruka ni sehemu ndogo tu ya viroboto walio nyumbani. Jike hutaga mayai mengi, na mayai hayo hayashiki kwenye manyoya. Huanguka chini, katika nyufa za sakafu, chini ya kitanda, ndani ya mkeka. Baada ya siku 2 mpaka 12 hivi, kila yai hutoa kiwavi mdogo mweupe kama kipande cha uzi, asiyependa mwanga. Huyu haumi mtu. Hula uchafu wa vumbini, hasa kinyesi cha viroboto wakubwa, ambacho ni damu iliyokauka. Wiki chache baadaye hujisokotea kifuko, na kifuko hushikwa na mchanga hata usiweze kukitambua. Ndani ya kifuko hugeuka kiroboto kamili, lakini hatoki mara moja. Hungoja. Akisikia mtikisiko wa hatua, au joto, au pumzi ya kiumbe, hutoka na kuruka. Asiposikia kitu aweza kungoja miezi kadhaa.

Ndiyo maana mtu aliyefunga nyumba yake akaenda safari akirudi huvamiwa siku ile ile aingiapo, akadhani amerogwa. Na ndiyo maana dawa ya siku moja haitoshi, kwa kuwa haiingii vizuri katika kifuko. Waliomo humo hutoka wiki inayofuata, wenye njaa.

Kwanza hakikisheni kwamba ni viroboto. Kunguni hukaa kitandani na mara nyingi huuma usiku sehemu zisizofunikwa, kama shingo na mikono, alama zikifuatana kama mstari. Kiroboto huuma zaidi miguu, naye huruka. Mimi niliwafundisha watoto wangu jaribio moja: jioni weka karai la maji sakafuni, tia sabuni kidogo majini, kisha weka taa ya sola juu yake, uzime nyingine zote. Kiroboto hufuata mwanga na joto, huruka, huanguka majini, na sabuni humzuia kuelea. Asubuhi tuliwahesabu. Usiku wa kwanza walikuwa 31. Karai haliwamalizi, lakini litawaambia ni chumba gani kina matata, na baada ya wiki mbili litawaambia kama kazi yenu inafaa. Msitumie koroboi, watoto wakiamka usiku wataipiga teke.

Kisha tafuteni mnyama aliyewaleta. Panya ndiye wa kwanza katika nyumba zetu, kwa sababu ya mahindi. Lakini si yeye peke yake. Ndama na mbuzi wanaolazwa jikoni kwa kuogopa wezi huwa na viroboto. Kuku nao wana kiroboto wao anayeng'ang'ania kwenye kishungi na kandokando ya macho. Tazama kuku wako mchana, utamwona kama mbegu nyeusi zilizogandamana. Paka wa kutangatanga akizaa juu ya dari, na mbwa wa njiani akichimba kitanda chake chini ya sakafu ya mbao, huacha mayai hapo hata wakiondoka. Wengine wenu mtaniambia nifuge paka awale panya. Paka mzuri ni msaada kweli, lakini naye hubeba viroboto, tena wa aina inayoingia majumbani kuliko zote. Mwenye kumfuga na amtunze kwa dawa yake. Msimfuge kama dawa ya viroboto.

Sakafu ndiyo kazi kubwa, na kazi hii haina njia ya mkato. Toeni kila kitu nje siku ya jua. Magodoro na mikeka ianikwe siku nzima, igeuzwe, ipigwe. Mablanketi na nguo za kulalia zifuliwe kwa maji ya moto sana. Sakafu ya udongo inyunyiziwe maji kidogo tu kabla ya kufagia ili vumbi lisiruke, msiiloweshe, kwa maana viwavi hufurahia unyevu na hufa palipo pakavu. Fagieni pembeni na chini ya vitanda kuliko katikati. Viroboto wadogo hawakai katikati mnapopita. Takataka zote zichomwe siku ile ile, zisimwagwe nyuma ya nyumba. Kisha zibeni nyufa, shindilieni, mkandike upya. Yule ndugu wa kiroboto anayeitwa funza, aingiaye katika vidole vya miguu, naye hukulia katika vumbi la namna hii. Inasemekana aliletwa Afrika kwa meli iliyofika Angola mwaka 1872, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amekwisha vuka bara mpaka pwani ya mashariki. Sakafu iliyokandikwa vizuri huwazuia wote wawili. Mwenye uwezo wa saruji na aanze na chumba cha watoto, sebule yaweza kungoja.

Kuhusu dawa, nina maneno makali, mnisamehe. Dawa ya kupe imepimwa kwa ngozi ya ng'ombe aliyesimama nje penye upepo. Haikupimwa kwa sakafu ambayo mtoto hutambaa juu yake na kutia mkono kinywani. Kuizidisha nguvu kwa sababu viroboto wamerudi ni kosa la pili juu ya la kwanza, kwani mmekwisha ona wanarudi kwa nini. Mtoto akitokwa na mate na jasho jingi, au akiregea na kusinzia ovyo mahali palipomwagwa dawa, mpelekeni hospitali mara moja, na mchukue chupa yenyewe ili daktari asome jina lake. Mafuta ya taa nayo msiyamwage sakafuni. Nyumba yenye jiko la kuni na sakafu ya mafuta yangoja cheche moja.

Dawa inayofaa sisi tunailima. Wengi wenu mna pareto shambani, au baba zenu walikuwa nayo, wakati Kenya ilipokuwa ikitoa pareto nyingi kuliko nchi yoyote duniani, na maua yetu yakienda kiwandani Nakuru. Tuliwauzia watu wa ng'ambo dawa ya wadudu, nasi tukabaki tunajikuna! Sumu ya pareto imo ndani ya ua. Humwangusha kiroboto upesi, na kwa mtu haina ukali wa dawa nyingi nyingine. Jua huivunja haraka, kwa hiyo haidumu mahali palipo na mwanga. Hilo ni jema kwa watoto, ila yabidi kurudia. Nunueni unga wa kuua viroboto wenye pareto katika agroveti, mkiangalia kwamba pakiti ina nambari ya usajili ya PCPB na kwamba imeandikwa ni ya matumizi ya nyumbani. Maua makavu yaliyosagwa pia ni dawa ya tangu zamani, kama hayakukaa sana wala kuanikwa juani muda mrefu baada ya kukauka. Jifungeni kitambaa puani, maana unga wake hupigisha chafya, na mwenye pumu asiushike. Usiangukie chakula, na uwe mbali na mizinga ya nyuki na bwawa la samaki.

Mimi nilinyunyiza katika nyufa, nyuma ya magunia na katika njia za panya, watoto wakiwa wamelala kwa bibi yao. Siku mbili baadaye ndipo nikatega mitego. Mitego, si sumu, kwa sababu panya wa mtegoni utamwona umchukue na koleo ukamchome au ukamzike, na panya wa sumu hufia ndani ya ukuta. Baada ya siku 14 nilirudia kufagia na kunyunyiza, na baada ya 14 nyingine tena. Baada ya mara ya pili karai lilikuwa na viroboto 3. Baada ya mara ya tatu lilikuwa na nzi mmoja.

Katikati ya kazi hiyo nilikwenda kwa jirani yangu jioni moja, nikamweleza yote, mpaka habari ya kiota. Mzee alinisikiliza hata mwisho. Kisha akaniuliza, "Na ile barua, karani, iko wapi sasa?" Nikamwambia iko katika faili ya mzee wa kijiji. Akasema, "Basi iwekee mwenzake." Niliiandika barua ya pili usiku ule ule, nayo ikasomwa barazani kama ya kwanza. Mbwa hakurudi, alikuwa amekwisha zoea kwingine.

Limebaki jambo la mahindi, na hili ndilo gumu. Najua kwa nini tunalala na magunia. Mtu aliyepoteza mavuno ya mwaka mzima kwa usiku mmoja humwambii habari za viroboto akakusikia. Wataalamu wengine hutuambia tu "jengeni ghala" kisha huingia katika gari lao. Mimi nasema hivi: ikiwa lazima magunia yakae ndani, yasikae wanapolala watu. Yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita na ufagio, na kila wiki safu ya nyuma itazamwe. Mifuko ile isiyopitisha hewa ni mizuri kwa kuzuia dumuzi, lakini panya huitoboa kama mingine, basi msiitegemee kwa hilo.

Lakini ghala ni bora, nami nimejenga langu mwaka jana. Liko hatua chache kutoka dirisha letu, mlango wake waelekea kitandani kwangu na una kufuli ile ile. Sakafu yake iko mita 1 juu ya ardhi. Kila nguzo imevikwa mkanda wa bati uliopanuka kwa chini kama faneli iliyopinduliwa, karibu na sakafu, ili panya akipanda agonge kichwa na kurudi. Ngazi huondolewa kila jioni. Ukiisahau, bati lote ni bure. Nilikata tawi moja la mti lililokuwa karibu na paa. Mabati ya mikanda niliyapata kwa madebe ya zamani yaliyokatwa na kukunjuliwa, na fundi alikuwa mzee jirani yangu, ambaye ni seremala hodari na aliyenitoza bei kamili.

Vipimo vya ghala hilo nimevichora na kuvibandika ukutani ofisini kwetu, karibu na mlango, na mtu yeyote aweza kuvinakili siku ya kazi bila malipo. Mama aliyeniuliza naye aweza kuja wakati wowote apendao. Akikuta watu wengi, na aulize habari ya ghala, nami nitajua.